Upanga Uliosalia Ndani ya Shairi

Kuna kauli isiyokoma kurudi kila washairi wetu wanapokutana: kwamba shairi likifafanuliwa na mtunzi wake limekwisha kufa, na kwamba sherehe nyuma ya diwani ni kumvunjia msomaji heshima. Kauli hiyo niliishika miaka mingi, tena kwa ukali. Nimeiacha, na walioniachisha si washairi. Ni watu wa makamo, wenye barakoa za waya na majaketi mazito, wanaopigana kwa panga ndefu katika ukumbi wa michezo wa shule moja huku Ujerumani ninakoishi.

Wanachokifanya si maigizo, wala si ule mchezo wa vitara tunaouona kwenye Olimpiki. Panga zao ni za chuma, butu, zenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, za kushikwa kwa mikono miwili. Wanajaribu kufufua ufundi uliofundishwa Ulaya katika karne ya 14 na ya 15, ambao mnyororo wake wa mwalimu na mwanafunzi ulikatika zamani. Hakuna mzee aliyebaki wa kuulizwa. Vimebaki vitabu, na andiko la kwanza nililosomewa jioni ya kwanza, nikiwa bado nahangaika na glavu, lilikuwa shairi.

Mtunzi wake ni Johannes Liechtenauer, Mjerumani wa karne ya 14. Habari za maisha yake karibu hazipo. Yamebaki jina na beti zake. Shairi lenyewe ni la mistari mifupi, na vina vyake huenda kwa jozi, mstari na mwenziwe. Vina hivyo havikuwekwa kwa urembo. Ni vishikizo vya kumbukumbu, vya kumsaidia mwanafunzi arudie somo akiwa peke yake, kama vile mtoto wa pwani alivyokaririshwa utenzi kabla hajajua maana ya nusu ya maneno yake. Asiyekuwa na mwalimu haambulii kitu. Yamo mapigo matano yenye majina ya ajabu: la hasira, lililopinda, la kukingama, la makengeza na la utosi. Yamo mikao minne: Fahali, Plau, Mpumbavu, na wa nne nitaueleza baadaye kwa sababu una kisa chake. Sasa jaribu, msomaji, kumpiga mtu pigo la makengeza kwa kuongozwa na jina hilo pekee.

Waliomfuata wanasema waziwazi kwamba alificha makusudi, ili ufundi usiwafikie watu ovyo. Hapa nilijiona nyumbani. Nani kati yetu asiyejua fumbo lililofungwa kwa ajili ya wachache, likaimbwa mbele ya wengi? Na kama mambo yangeishia hapo, leo kungekuwa na shairi zuri la Kijerumani cha kale kuhusu fahali na mpumbavu, na wataalamu wangeandika makala kulisifu kwa taswira zake.

Hayakuishia hapo, kwa sababu walitokea watu wa sherehe. Sigmund Ringeck, Lew, na yule ambaye kazi yake hutajwa kwa jina la Peter von Danzig, katika mswada wa 1452 uliohifadhiwa Roma. Utaratibu wao ni ule unaoweza kuukuta katika kitabu chochote cha zamani cha chuoni: huandikwa mistari ya shairi, kisha hufuata maelezo. Lakini tazama wanachokieleza. Hawasemi neno hili maana yake ni neno lile. Wanasema: anapokujia kutoka juu, wewe fanya hivi, mguu wa kulia uende kule, na akijikinga, ncha yako iingie hapa. Wanafafanua tendo. Shairi linatoa jina, sherehe inaurudisha mwili.

Ninasisitiza hilo kwa sababu sherehe nyingi za diwani zetu hazifanyi hivyo. Hutupa orodha ya maneno na visawe vyake, alifu mpaka yee, kana kwamba kikwazo cha msomaji ni msamiati tu. Najua "tanga" ni nini. Nisichokijua ni kwa nini malenga alilitaja usiku ule, mbele ya nani, na nani aliinuka akatoka.

Turudi kwenye mkao wa nne. Katika miswada unaandikwa kwa neno linaloweza kusomwa kuwa "mchana", na pia kuwa "paa". Waandishi wa enzi ile hawakuwa na tahajia moja, na sauti za t na d zilikuwa zikipokezana katika maandishi yao. Je, upanga umeshikwa juu kama paa la nyumba, au unashuka kutoka angani kama mwanga? Nimewasikia watu wazima wakibishana juu ya jambo hilo hadi mlinzi akaja kuzima taa. Kwetu tatizo hili si geni. Katika maandishi yetu ya zamani kwa herufi za Kiarabu, ba moja ilibeba sauti za b, p na mb, na "bata" na "pata" zikaweza kuandikwa sawasawa. Lakini wale Wajerumani wa ukumbini wana bahati: hata wasipokubaliana juu ya neno, sherehe inawaambia mikono iwe wapi, begani au juu ya kichwa. Mabishano yao ni ya jina, kazi inaendelea.

Wala sisemi kwamba sherehe humaliza kila kitu. Wafafanuzi wenyewe hupishana. Pigo lililopinda linafanywa kwa namna kadhaa katika vyama mbalimbali, na kila chama kina hakika yake. Tofauti ni kwamba wana mahali pa kujaribia. Mtu akija na tafsiri mpya huvaa barakoa, hutafuta mwenzake asiyetaka kupigwa, na ndani ya dakika chache tafsiri ile huishi au huanguka. (Ya kwangu ilianguka. Kidole gumba kilivimba wiki mbili.) Ningependa kuona mhakiki wa ushairi akijaribiwa hivyo.

Lipo jambo moja ambalo sikulielewa mpaka nilipolifanya. Panga mbili zikikutana na kubaki zimegusana, mafundisho yanataka uhisi kupitia chuma kama mwenzako anasukuma kwa nguvu au amelegea, na uamue hapohapo. Yapo maneno matatu madogo ambayo ufundi wote unayazunguka: kabla, baada, na "papo hapo". Hilo la tatu ni kielezi tu, ungeweza kulipita kama unavyopita "basi" katika ubeti. Lakini ukisimama pale, chuma kikitetemeka mikononi, unajua kwamba aliyelichagua alipima. Shairi lilikuwa sahihi. Nisingelijua bila maelezo ya wengine waliokuja baada yake.

Wapinzani wangu wana hoja nzito, na siipuuzi. Fumbo lina kazi yake. Tungo nyingi za Muyaka bin Haji zilitungwa Mombasa ikiwa katika vuta nikuvute na Seyyid Said, na kusema wazi kungekuwa na gharama. Mshairi anayejifafanua papo kwa papo anakuwa kama mchawi anayeonyesha hirizi yake. Nakubali. Lakini ulizeni Muyaka ametufikiaje. Alifariki karibu na 1840. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye wa Mombasa, alizikusanya tungo zake kutoka kwa watu waliokuwa bado wanazikumbuka, akafanya kazi na kasisi Mwingereza W. E. Taylor, na pamoja na beti yakabaki maelezo ya maneno na ya matukio. Diwani ilichapwa 1940. Sikujua ndiye Ringeck wetu. Tunamtaja Muyaka kila siku, na yeye tunamtaja kwa nadra, tena katika tanbihi.

Siri ina muda wake. Liechtenauer aliwaficha wageni, hakuwaficha wanafunzi wake. Anayeficha bila kumwachia yeyote ufunguo hajafumba fumbo, amepoteza kitu.

Nina sababu ya kuwa na uchungu. Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa malumbano, na aliniachia daftari la mashairi kumi na tisa ya kujibizana na mtu ambaye jina lake halimo. Katika shairi la saba anataja chombo kilichotiwa nanga mahali pasipo maji. Kila ubeti unarudi hapo. Kina ni safi, mizani haina kasoro, na mimi, mjukuu niliyesomea lugha hadi chuo kikuu, sijui kama chombo kile ni mtu, nyumba, chama au mwanamke. Nilikuwa naye jioni nyingi mno. Sikumwuliza, kwa sababu nilifundishwa kwamba kuuliza ni kukosa adabu mbele ya shairi.

Basi naomba jambo dogo kwa wenzangu mnaotunga. Andikeni sherehe zenu kwa mkono wenu. Si lazima zichapwe pamoja na shairi, wala sasa. Zifungwe ndani ya bahasha, apewe mwanafunzi, binti au rafiki, zifunguliwe baada ya miaka ishirini. Andikeni nani aliambiwa, kwa nini siku ile, ni neno gani lilisemwa kwa kejeli na lipi kwa machozi, maana karatasi haina sauti. Nanyi mnaokusanya tungo za wazee, msiridhike na beti. Muulizeni mzee alisimama wapi alipouimba, na mkono wake ulikuwa wapi.

Mwezi wa nane nitakwenda likizo Mombasa. Nimeambiwa yupo mzee mmoja Kisauni, amepita miaka themanini, aliyekuwa akihudhuria malumbano ya babu akiwa kijana. Nimelifunga daftari ndani ya kitambaa, na nimelitia kwenye mkoba wa mkononi, si sandukuni. Swali langu la kwanza litakuwa juu ya shairi la saba.