Waya wa Gatini

Twaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuzungumze jambo ambalo huenda likaonekana kuwa la mafundi: kupeleka umeme chini ya ardhi, kutoka nyumbani hadi gatini. Tungeliwaachia mafundi wenyewe lau si neno tulilolisikia kwa mama mmoja hivi karibuni.

Tulikuwa wageni katika nyumba iliyo kandokando ya hori ya Mtwapa. Bwana wa nyumba ana mashua mbili za uvuvi na gati ndogo ya mbao yenye ngazi ya chuma, na kutoka ukutani mwa nyumba hadi hapo ni kiasi cha mita 80. Alikuwa amepitisha waya chini ya bustani, taa zikawaka gatini, na friza ya samaki ikawekwa kibandani. Tulipokuwa tukimpongeza, mkewe akasema kwa sauti ya chini, "Shekhe, ile ngazi hunitetemesha mkono nikiwa na miguu mimaji." Mumewe akacheka: "Chumvi hiyo, mama watoto." Na watoto wa nyumba hiyo huoga hapo kila alasiri watokapo chuoni.

Chumvi haitetemeshi mkono. Tuliomba swichi kuu izimwe kabla ya chai kumiminwa, na siku ya pili akaja fundi mwenye leseni, akafukua. Waya ulikuwa wa kawaida, wa ndani ya nyumba, umelazwa shibiri moja tu chini ya mchanga. Katikati umeungwa kwa utepe, na jembe lilikuwa limekwisha kuuchubua.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Twadhani kwamba swichi iliyomo kisandukuni itajikata lolote litokealo. Swichi ile huulinda waya usiungue, mtu haimlindi. Ikiwa ni ya ampea 20, hungoja mkondo uzidi kiasi hicho, ilhali sehemu chache tu za mia za ampea moja zipitazo kifuani zaweza kuuvuruga moyo hata ukasimama. Kimlindacho mtu ni kifaa kingine, ambacho mafundi hukiita kwa herufi tatu, RCD. Hupima umeme uendao na urudio, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata kwa muda usiofika nusu sekunde. Nyumba ile haikuwa nacho. Sasa kimetiwa, nacho kina kitufe cha kujaribia, na mama wa nyumba amekubali kukibonyeza kila mwezi uandamapo. Siku kitakapobonyezwa kisikate, fundi ataitwa.

Bwana wa nyumba alituuliza kama maji ya bahari si salama zaidi. Kwa kiasi fulani asema kweli: maji ya chumvi hupitisha umeme vyema kuliko mwili, basi mkondo mwingi humzunguka muogeleaji. Katika maziwa ya maji baridi huko Marekani, waogeleaji wamekufa karibu na gati zenye umeme uvujao, viungo vikifa ganzi hata wakazama. Lakini mtoto hakai majini daima. Hushika ngazi kwa mkono uliolowa ili apande, na hapo chumvi haimfai kitu. Akinaswa, asishikwe: umeme uzimwe kwanza.

Ama kazi yenyewe, handaki linachimbwa upya, la nusu mita na zaidi, nalo litakuwa na kina kirefu zaidi pale magari yapitapo. Chini hutandazwa mchanga usio na mawe, kisha kebo yenye deraya ya nyuzi za chuma, kisha mchanga tena. Juu kidogo hulazwa utepe wa onyo, ili jembe liukute utepe kabla ya kebo. Kiungo hakitakiwi ardhini. Ngazi na vyuma vyote vya gati huunganishwa na waya wa ardhi, na soketi hufungwa juu ya kimo cha maji ya bamvu, katika kisanduku cha plastiki kisichoingiza maji, kwani chumvi hula chuma bila huruma.

Unene wa waya nao una hesabu yake. Kwa mita 80 na mzigo wa ampea 10, shaba ya milimita 2.5 za mraba hupoteza volti 14 hivi kati ya 240. Ya milimita 6 hupoteza 6 hivi. Mota ya friza ikikosa volti hupata moto na kuungua mapema. Mama alipoisikia hesabu hii aliuliza swali ambalo sisi wanaume hatukuliwaza: friza yafanya nini gatini? Imekwisha kupandishwa jikoni. Na mtu atakaye taa tupu, ile ya nguvu za jua ingemtosha bila handaki lolote.

Mama huyo ndiye aliyepima kwa futi kutoka pembe ya nyumba, akachora njia ya kebo na kuibandika nyuma ya mlango wa stoo. Ngazi ingali imefungwa kwa kamba, na watoto wanaoga upande wa pili, mpaka fundi apime na kutia sahihi.