Tuimbe kwa mwendo wa wenye mizigo



Chukua neno "barabara". Ukikaza sauti kwenye silabi ya tatu, umetaja njia. Ukikaza kwenye ya pili, umesema sawasawa. Herufi ni zilezile, ila mkazo umehama na maana imehama nao. Kinyamwezi kinakwenda mbali zaidi, kwa kuwa ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe.

Sasa mfikirie mmisionari anayetia maneno yetu katika tuni ya Ulaya. Wamoravian walipoanza kazi Urambo mwaka 1898, Wamisionari wa Afrika wakiwa wamekwisha kutangulia pande za Tabora, tuni nyingi zilikuja zimepangwa kwa mkazo wa lugha nyingine. Ndiyo sababu katika baadhi ya nyimbo "amani" hukazwa mwishoni, na "Bwana" vilevile. Hatuwalaumu, walifanya kazi kubwa. Lakini wasikilize akina mama wazee kanisani: huivuta tuni polepole mpaka neno likae mahali pake.

Watu wa Unyamwezi walijua mambo ya mwendo na sauti kabla ya kuona kitabu cha nyimbo. Katika karne ya 19 wapagazi wao walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kwenye njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kilomita zaidi ya elfu moja kwa miguu. Mbele alitembea kirangozi, na ngoma ikisikika. Yeye naye alikuwa mpagazi. Mmoja alianzisha wimbo, wengine wakaitikia. Kiitikio hakikuwa pambo. Kiliwaweka watu pamoja, kwa kuwa aliyeachwa nyuma katika Mgunda Mkali, ile nyika kame kati ya Ugogo na Unyanyembe, huenda asionekane tena.

Tusiipambe njia ile kupita kiasi. Ilipitisha watumwa pia, nao mwendo wao uliamuliwa na mnyororo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mizigo ikaanza kuhama mabegani. Mizigo mingine haipandi treni. Jumapili hii wataketi kanisani mjane, kijana asiye na kazi na baba aliyelala hospitali akiuguza mtoto. Je, wimbo wetu unawangojea?

Katika makanisa mengi haungoji. Kinanda cha umeme kimetiwa mdundo wa kubonyeza, nao ukianza haujui kama kuna mzee anayetafuta ukurasa. Spika zinanguruma, kwaya inaruka, waumini wanashika simu na kurekodi. Nafurahia kwaya zetu, na ngoma kanisani siipingi hata kidogo. Ngoma ya msafara ndiyo ninayoisifu hapa. Ninachouliza ni mdundo huu unamsubiri nani.

Kusoma nako kuna mwendo wake. Katika Nehemia sura ya 8 tunaambiwa Walawi walisoma torati kwa sauti ya kueleweka, wakafafanua, hata watu wakafahamu wakalia. Sisi tunampa kijana somo mlangoni, ibada imekwisha kuanza, naye analikimbiza kama tangazo la kituo cha mabasi. Sala ya Bwana nayo tunaimaliza kwa pumzi mbili, na ombi la mkate wa kila siku linapita kabla mwenye njaa hajalitamka.

Yakobo alipokutana na Esau, ndugu yake alitaka waandamane. Yakobo akakataa kwa adabu. Alisema watoto ni wachanga, na mifugo inanyonyesha. Ikiharakishwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Akamwomba Esau atangulie, yeye afuate taratibu kwa mwendo wa wanyama na watoto (Mwanzo 33:13-14). Esau alikuwa na watu 400 wasio na mizigo. Mwendo wake ulikuwa mzuri, kwake.

Wazee wa kanisa na walimu wa kwaya waliketie jambo hili. Wampe msomaji somo lake tangu Ijumaa. Na leo, katika wimbo wa pili, fundi azime spika kwa ubeti mmoja, mwalimu ageuke awatazame waumini, asikie ni nani anayeimba.