Kuvuka bahari wakati wa kusi

Kila Juni inapowadia na shule kufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka, wazazi hutujia baada ya swala na swali lile lile: watoto tuwapeleke wapi? Wengi hufikiria mbali, na kwa kuwa mbali ni ghali, likizo humalizika watoto wakiwa mbele ya runinga. Kwa familia zilizoko Dar es Salaam tunapendekeza jambo lililo karibu mno hata likasahauliwa, nalo ni kupanda boti kwenda Unguja, kulala huko siku mbili tatu, kisha kurejea. Umbali ni kama kilomita 70, mwendo wa saa mbili hivi kwa boti ziendazo kasi. Watoto wetu huiona bahari wakiwa ufukweni. Wengi hawajapata kuuona mji wao wakiwa baharini.

Jibu tunalopewa mara nyingi hutoka kwa bibi wa nyumba: "Wakati huu wa kusi? Na kipupwe hiki?"

Kuhusu baridi hatuna maneno mengi. Alfajiri ya Julai joto la Dar es Salaam hushuka hadi kama nyuzi 19, na mtu akisimama kwenye sitaha huku boti inakimbia na marashamarasha ya maji ya chumvi yanamrukia, hutetemeka kweli. Dawa yake ni sweta, na kanga ya ziada kwa mtoto mchanga.

Kuhusu kusi, bibi ana hoja, na si adabu kumcheka. Tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe katika upepo mkali. Miezi kumi nyuma yake, Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba, ikiwa na abiria wengi kupita idadi iliyoruhusiwa. Tunawafahamu watu wazima ambao tangu miaka ile hawajakanyaga bandarini. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba "ajali haina kinga" ni kumkosea mara mbili, maana kinga ipo, na sehemu yake imo mikononi mwa abiria mwenyewe.

Basi tuieleze hali ya bahari yenyewe. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, na nguvu zake hukolea kati ya Juni na Agosti. Unguja iko kaskazini mwa Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba wakati wa kwenda upepo huisukuma boti kutoka nyuma, na wakati wa kurudi boti hukutana nao uso kwa uso. Bahari ni ile ile na boti ni ile ile, lakini safari ni mbili tofauti. Msafiri aliyefika Unguja akisifu utulivu hushangaa siku ya tatu, boti inapopiga mawimbi kwa kishindo na mifuko ya kutapikia inagawiwa safu kwa safu. Tena, eneo gumu katika kurudi mara nyingi ni lile la mwishoni, pale boti inapoliacha kivuli cha kisiwa na kuwa wazi kwa bahari kuu.

Kwa hiyo tunasema kinyume cha desturi: siku ya kurudi ipangwe kwanza. Familia nyingi hurejea Jumapili jioni kwa sababu Jumatatu ni kazini, na hapo baba huwa hana hiari tena. Hata akiiona bahari imechafuka, atapanda, kwa kuwa tiketi imelipiwa na bosi anasubiri. Irejee Ijumaa au Jumamosi asubuhi, ili ibaki siku moja ya akiba. Upepo kwa kawaida huwa mpole zaidi asubuhi kuliko alasiri. Kabla ya kutoka nyumbani, na tena kabla ya kurudi, usikilizwe utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikitolewa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, safari ya matembezi iahirishwe. Na abiria wakionekana wamekaa ngazini na kwenye njia za kupitia, mzazi ashuke na wanawe, hata kama jamaa watamwita mwoga. Fedha ya tiketi hutafutwa tena.

Wenye kuchafukwa na moyo wakae chini, katikati ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo, wasisome simu, na wale kidogo kabla ya safari. Chai ya tangawizi husaidia baadhi yao. Vidonge vya kichefuchefu humezwa kabla ya kung'oa nanga, si baada ya kuanza kutapika, na mjamzito amuulize daktari kwanza.

Anayeweza kukaa dirishani, akae upande wa kulia wakati wa kwenda. Kwanza boti itapita mlango mwembamba wa bandari, pantoni za Kigamboni zikipishana. Baadaye, kisiwa cha Unguja kikiwa kimekwisha kuonekana, Chumbe itatokea na mnara wake wa taa uliojengwa mwaka 1904. Watoto waelezwe kwamba chini ya mnara ule kuna msikiti mdogo, uliojengewa mtunza taa na watu wake, na kwamba matumbawe yanayokizunguka kisiwa yamehifadhiwa tangu 1994. Kisha Mji Mkongwe utajitokeza wote kwa pamoja. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, haiko kama katika picha za vitabu vyao. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Wanaotuuliza habari ya swala ndani ya boti tunawajibu kwamba anayepanda ya asubuhi hufika kabla ya adhuhuri, na misikiti ya Malindi iko hatua chache kutoka bandarini.

Limebaki moja, nalo ni la simu tu. Mwenyeji wa Unguja, awe shangazi au rafiki wa zamani, aambiwe kabla hamjaondoka: huenda tukalala kwako usiku mmoja zaidi.