Miliki ya Nani?

Wapo watumishi wenye elimu nzuri wanaoamini kwamba sheria za kimataifa za miliki ubunifu ni jambo la kitaalamu tu, lisilohusiana na siasa. Hao wanajidanganya.

Mkataba ulioanzisha Shirika la Miliki Ubunifu Duniani ulitiwa saini Stockholm tarehe 14 Julai, 1967. Shirika hilo lilirithi kazi ya kusimamia mikataba ya Paris ya 1883 na Berne ya 1886, iliyoandikwa wakati mabeberu wakigawana Bara letu. Kifungu cha 2 kinataja yanayohusika: vitabu, kazi za wasanii, uvumbuzi, alama za biashara, hata ugunduzi wa kisayansi. Elimu ya mganga wa kijijini haikutajwa. Yapo maneno ya jumla mwishoni mwa kifungu. Lakini maneno ya jumla hayajamshibisha mtu.

Matokeo yake tuliyaona kwa mwarobaini, mti uliotoka Asia ya Kusini, ambao sisi tumeupa jina hilo kwa kuamini kwamba hutibu maradhi arobaini. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, hataza ya kuua ukungu wa mimea kwa mafuta ya mti huo. Wakulima wa India walikwisha kuyatumia tangu zamani! Pingamizi liliwekwa 1995, hataza ikafutwa 2000, rufaa ikatupwa 2005. Miaka kumi ya mawakili na gharama, ili ithibitike kwamba cha wakulima kilikuwa cha wakulima.

Mei 2024, mjini Geneva, ulipitishwa mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje zilikotoka mbegu na mimea aliyoitumia, na jamii iliyompa elimu. Ni hatua, nayo ilidaiwa kwa miaka 25. Lakini mkataba huohuo unakataza hataza isifutwe kwa sababu tu mwombaji alinyamaza, isipokuwa alifanya hila. Yaani mwizi anaombwa ajitaje, na asipojitaja mali inabaki kwake.

Ili mkataba huo uanze kutumika, sharti nchi 15 ziuridhie. Afrika peke yake inazo za kutosha na kusaza. Tanzania ni mwanachama wa Shirika tangu 1983. Kazi ya maofisa wetu si kwenda Geneva na kurudi na mikoba ya semina. Waiandike elimu ya waganga na wakulima, kwa ridhaa ya wenyewe, kabla mwombaji mwingine hajaifikisha Munich kwa jina lake.