Gari la marehemu baba lisile daftari za watoto



Jirani yangu hapa Kashaulili alirithi Land Rover 109 ya marehemu baba yake. Imekaa chini ya mwembe miaka mingi, kuku wanatagia ndani. Mzee aliibebea mahindi na kusomeshea watoto wake wote. Kwa hiyo mwanawe anapotaka kuifufua, tusimcheke.

Tatizo lilikuja Januari. Mkewe alifungua kibubu anunue sare na daftari, akakuta elfu nane tu. Nyingine ilikwisha kwenda Dar es Salaam kununulia silinda ya breki, na iliyoletwa haikuingia. Siku tatu hawakusemeshana.

Nilikaa nao, tukamwita na fundi. Aliyotufundisha nawapa na ninyi.

Kwanza, kabla ya kununua hata boliti, ingia uvunguni. Bodi ya Land Rover hizi ni ya alumini, lakini chesesi ni ya chuma na inaoza. Igonge kwa nyundo kotekote. Ikiwa imeoza, hesabu gharama ya kuichomelea kwanza.

Pili, jua unachotafuta. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, fupi na ndefu, za petroli na za dizeli, na si kila kifaa kinaingiliana. Andika namba ya chesesi, safisha kifaa kibovu, kipige picha kando ya rula, umtumie muuzaji wa Gerezani au Arusha. Naye akutumie picha ya chake kabla hujatuma pesa.

Tatu, soma namba iliyochongwa kwenye beringi. Nyingi ni za vipimo vya kawaida, na duka la beringi mara nyingi huuza ileile kwa bei nafuu kuliko iliyo kwenye pakiti yenye jina la gari.

Nne, milango, taa na viti chukua vya mtumba. Jani la springi lililovunjika hubadilishwa peke yake. Ila vifaa vya breki na usukani nunua vipya, maana ndani ya gari hilo mtapanda ninyi na watoto.

Mwisho, subiri oda zifike tatu au nne, zisafiri kwa basi katika mzigo mmoja.

Lakini dawa kubwa waliipata wenyewe: vibubu viwili. Cha shule hakiguswi, na ufunguo wa cha gari anao mama. Binti yao wa darasa la sita anaandika kila spea na bei yake.

Juzi nilipita nikamkuta na baba yake wanasugua kabureta kwa mswaki mkuukuu, anasimuliwa habari za babu ambaye hakuwahi kumwona. Gari halijawaka bado. Sare zilinunuliwa.

Tukutane wiki ijayo.