Mtaala nao una soko

Mwenye duka la vitabu hufuatilia bei ya karatasi, akausahau mtaala. Mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, pamoja na mkondo wa amali, vitabu vya zamani vya madarasa yaliyoanza nao viligeuka mzigo.

Kazi ya kukuza mitaala hapa nchini iko hasa Taasisi ya Elimu Tanzania, na njia yake huanzia darasani: kufundisha, kisha kuandika muhtasari wa somo, kuujaribu na kuupima. Lakini somo la useremala likiandikwa bila seremala, kijana atamaliza shule asijue kukadiria mbao.

Maoni yetu: wenye karakana waitwe mapema, walipwe kwa ujuzi wao. Nao wasingoje kuitwa. Mtaala wa leo ndio fundi watakayemwajiri kesho.