Jina Linalonyang'anya

Msomaji, ukisimama mjini Kitale asubuhi isiyo na ukungu, utauona mlima Elgon upande wa magharibi, na vilima vya Cherangani upande wa mashariki. Katika misitu ya Cherangani wamekaa Wasengwer tangu zamani. Na huko Chepkitale, katika mlima Elgon upande wa Bungoma, wamekaa Waogiek. Hayo ndiyo majina wanayojiita wenyewe. Lakini majirani zao wengi huwaita kwa jina jingine: Wandorobo.

Jina hilo hawakujipa. Asili yake ni lugha ya Kimasai, ambamo maana yake ni watu wasio na ng'ombe, yaani maskini. Mfugaji alimpima mwenzake kwa mizani ya zizi, akamwona mtupu. Mizinga ya asali, elimu ya miti na dawa, na ustadi wa kuwinda havikutiwa katika hesabu.

Pengine utasema kwamba neno halivunji mfupa. Ni kweli, lakini humtoa mtu katika nchi yake. Mwaka 1934 Tume ya Ardhi ya Kenya ilitoa taarifa iliyoshauri kwamba Wandorobo wahamishiwe katika maeneo ya makabila waliyokaribiana nayo. Tazama jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi! Aliyekwisha kuitwa asiye na kitu hunyang'anywa, na mnyang'anyi asione haya. Zama hizo nyanda za Trans Nzoia zilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Huko mzee mwenye wajukuu aliitwa "boi", na Mwafrika aliyelima kipande cha ardhi ya babu zake aliitwa "skwota".

Utawala ule ulikwisha mwaka 1963, lakini ndimi zetu zimeurithi. Wengi wetu tuliochukia kuitwa "boi" hatuoni vibaya kumwita jirani Mndorobo, au mtu wa porini, au mvamizi wa msitu aliozaliwa ndani yake.

Sheria imetutangulia. Katiba ya mwaka 2010 imezitaja ardhi za jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Waogiek wa msitu wa Mau ni watu wa asili, na kwamba kuwafukuza kulivunja haki zao. Lakini hukumu husomwa siku moja, na tusi hutamkwa kila siku.

Wajibu huu basi ni wako. Usiseme kwamba ni mazoea tu. Mazoea ndiyo nguvu ya dhuluma. Mwenzako wa darasani akikuambia kuwa yeye ni Mwogiek au Msengwer, mwite hivyo. Ukimwita Mndorobo kwa mzaha, umetia sahihi katika hati ya kumnyang'anya, ijapokuwa hukuisoma.